Angekaa Dar

Kipaimara cha Editha kimepita salama, mahindi yote yameingia ghalani, lakini kinachonizunguka kichwani tangu Jumapili ni neno la Wifi. Jumuiya tulikuwa tunamkumbuka Askofu Cassian Spiss wa Dar es Salaam, aliyeuawa safarini wakati wa Vita vya Maji Maji. Akasema, "Jamani, naye si angekaa tu Dar?"

"Wifi, angekaaje?"

Akanyamaza, akaendelea kumenya chungwa.

Angekaaje? Vikarieti, yaani eneo la misheni aliloongoza kama askofu, aliyopewa mwaka 1902 ilishuka mpaka Ruvuma. Misheni za Lukuledi, Nyangao, Kigonsera, zote zilikuwa zake, na Peramiho aliianzisha mwenyewe mwaka 1898. Kuifikia wakati ule ilikuwa meli hadi Kilwa, halafu miguu kupitia Liwale, majuma kwa majuma. Punda hakufika, mbung'o walimuua njiani. Kila kitu kilienda kwa wapagazi, mzigo wa ratili 60 hivi kwa kila mmoja. Na msafara haukubeba chakula cha safari nzima. Ulibeba vitambaa vya kubadilishana kwa unga vijijini. Hapo ndipo hatari ilipokuwa: vijiji vikikugeuka, huna chakula, na watu wako wamejipanga mstari mrefu porini, mizigo vichwani, hawawezi kukimbia wala kujikinga.

Alishika njia hiyo akiwa na mabruda Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Wote watano waliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale, tarehe 14 Agosti 1905.

Si angekaa tu Dar? Nimelirudia hata nikipepeta, na leo limenigeukia. Babu zake Wifi ni Wamatumbi. Kwao Nandete watu waling'oa pamba Julai ile, baada ya Wajerumani kuwalimisha kwa nguvu na kuwadai kodi ya nyumba. Kinjikitile, mganga aliyegawa maji ya dawa ya vita, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, siku 10 tu kabla. Aliyeyaona hayo, akikutana na Wazungu watano na wapagazi wao, angejuaje kwamba hawa wamebeba sanduku la Misa? Baadaye Wajerumani wakawachomea watu maghala na mashamba, njaa ikamaliza wengi kuliko risasi. Huenda Wifi alikuwa anawalilia wote, askofu na waliomuua, nami nikamjibu kama mtu anayebishana. Nataka nimsikilize vizuri.

Mama bado anakohoa. Dawa ya zahanati aliimaliza juzi na usiku halali. Kesho lazima apigwe picha ya kifua, na sijui nauli ya kwenda na kurudi itatoka wapi.