Kifuniko kwanza, laina baadaye: nilivyoikinga bodi ya pikapu yangu

Wenye pikapu wengi hununua laina, yaani tabaka la kukinga sakafu na kuta za bodi (sehemu ya mizigo), kwanza kwa sababu rangi ya bodi huanza kuchubuka mapema, kisha kifuniko hutafutwa baadaye, mali ikishaanza kupotea. Mimi nilianza na kifuniko. Sababu ni ukingo wa bodi. Klampu za kifuniko, yaani vibanio vinavyokishikilia, hubana palepale ambapo laina nyingi za plastiki hujikunja na kufunika, na kwenye upana huo mdogo kimoja lazima kimpishe mwenzake.

Gari ni la kebini mbili, na hubeba pampu za maji, nyaya na mifuko ya chakula cha mifugo kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho. Njia hiyo ina maadui wawili wasiofanana: vumbi laini la Bonde la Ufa, linalopenya kila ufa, na mvua ya Kericho. Kifuniko kinachozuia mvua si lazima kizuie vumbi, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kuuliza bei, pima. Urefu upimwe kwa ndani, kutoka ukuta wa mbele hadi lango la nyuma likiwa limefungwa. Upana upimwe mbele, katikati na nyuma. Kisha nyosha futi kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vya mshazari vikipishana kwa zaidi ya nusu sentimita hivi, bodi imepinda, pengine kwa ajali ya zamani au kwa kubebeshwa mawe kupita kiasi. Kifuniko kigumu hakitakaa sawa hapo: kona moja itaacha mwanya na kufuli litakuwa gumu kushika. Fundi wa bodi ainyooshe kwanza. Tena usinunue kwa jina la gari pekee. Bodi ya Hilux ya kuanzia 2015 si sawa na ya toleo lililotangulia, na ya kebini mbili, yenye urefu wa mita 1.5 hivi, haihusiani kabisa na ya kebini moja.

Turubai la vinyli la kuviringisha nililiondoa mapema. Linazuia mvua na kuficha mzigo, lakini kisu cha jikoni kinalifungua. Kifuniko cha faibaglasi cha kipande kimoja ni kizuri kwa macho na hufungwa kwa kufuli lake lenyewe, ila ni kizito, kukitoa kunahitaji watu wawili, na ukitaka kubeba friji au mikebe mirefu ya maziwa inabidi ukiache nyumbani. Shokabu zake ndogo za gesi nazo huchoka, na kikikuangukia kichwani utajua uzito wake. Kile cha alumini cha kuviringika kama mlango wa duka hukunjwa ndani ya boksi lililo nyuma ya kebini, na boksi hilo hula takriban sentimita 25 hadi 30 za bodi. Kwenye bodi ya mita 1.5 hiyo ni hasara kubwa. Reli zake zina mipira ya kutoa maji kwenye kona. Tope likiziba mipira hiyo, maji hufurika na kumwagika juu ya mzigo. Ukiwa nacho, osha reli kwa maji na upulize silikoni kavu. Grisi usiguse, kwani hushika vumbi na kugeuka uji wa kusaga vyuma.

Nilichukua cha alumini cha vipande vitatu vinavyokunjwa kuelekea kebini. Hakihitaji kutobolewa mashimo, mtu mmoja anakiondoa, na mzigo mrefu ukija unakikunja na kukifunga kwa mikanda yake. Usiendeshe kikiwa kimekunjwa bila mikanda kufungwa: upepo hukiinua na kung'oa bawaba.

Sasa kufuli. Vifuniko vingi vya aina hii havina tundu la ufunguo juu. Kipande cha mwisho hufunguliwa kwa waya au komeo lililo ndani, na unalifikia tu ukishusha lango. Maana yake ni kwamba usalama wote uko kwenye lango la nyuma. Lango lisilo na kufuli linafanya kifuniko kiwe pambo. Nilibadilisha mkono wa lango nikaweka wenye silinda ya ufunguo, kisha nikajaribu kulivuta kwa nguvu likiwa limefungwa. Kwenye pikapu nyingi, lango likishashushwa na nyaya zake kutolewa, unalipandisha nusu na upande mmoja unachomoka kwenye bawaba bila spana. Ndiyo maana malango huibwa yakiwa mazima. Dawa ni klipu ya paipu ya chuma, ile ya skrubu, izungushwe kwenye bawaba hiyo na kukazwa ili isiweze kuchomoka.

Kifuniko kikishajulikana, laina inajichagua. Ya plastiki nzito inayotumbukizwa ni rahisi kuweka na huvumilia kugongwa, lakini inateleza: mfuko wa chakula cha kuku utasafiri kutoka mbele hadi langoni kwenye kila tuta. Ubaya mkubwa uko chini yake. Mchanga na maji huingia, gari likitikisika mchanga unasaga rangi, na kutu huanza mahali usipopaona. Ile inayofunika ukingo haifai kabisa na klampu, kwa sababu plastiki hunywea ikibanwa na klampu hulegea. Ukilazimika kuitumia, tafuta inayoishia chini ya ukingo, na uitoe mara kwa mara uoshe.

Kwa hiyo nilipaka laina ya kupuliza. Kuna polyurea, aina ya plastiki inayopulizwa ikiwa moto kwa mashine ya shinikizo kubwa, na hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa. Ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, hupulizwa kwa kompresa ya kawaida. Hesabu eneo: sakafu, kuta na lango la kebini mbili hufika takriban mita 5 za mraba, kwa hiyo tabaka mbili ni mita 10. Seti ya lita 4, yaani chupa nne za mililita 750 pamoja na lita moja ya hadina, inatosha. Uwiano ni 3 kwa 1, na changanya chupa moja moja, kwa maana ikishachanganywa una kama saa moja tu.

Kazi yote iko kwenye maandalizi. Toa ndoano za kufungia kamba. Osha kwa sabuni ya kuondoa mafuta kabla ya kupiga msasa, si baada, la sivyo msasa unapachika grisi ndani ya mikwaruzo. Piga msasa namba 180 hadi mng'ao wote uishe, pamoja na mabonde ya sakafu ambako mafundi wengi huruka. Palipofika chuma pakae praima. Ziba vichwa vya boliti za bodi kwa tepu ya karatasi, maana siku moja utazifungua, na uzibe matundu ya kutolea maji wakati wa kupuliza tu. Ukingo wa juu pia niliuziba, ili klampu na raba ya kifuniko vikae kwenye chuma laini. Laina ikibanduka kwa mapande, karibu kila mara ni msasa au grisi, si dawa yenyewe. Hadina ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu: vaa maski yenye kichujio cha kemikali, si kitambaa. Subiri saa moja kati ya tabaka, na usipakie mzigo mzito kabla ya wiki.

Kufunga kifuniko ni rahisi ukianza mbele. Bandika raba ya sponji kwenye ukuta wa kebini ukiwa umesafishwa kwa spiriti, weka kifuniko katikati, kaza klampu mbili za mbele kidogo tu, funga lango, hakikisha mwanya uko sawa kulia na kushoto, ndipo ukaze zote. Zirudie baada ya kilomita mia mbili tatu, kwani raba ikishalala klampu hulegea.

Mvua huingia kutoka juu, lakini vumbi huingia kupitia langoni. Gari likienda, hewa huzunguka nyuma na kuvutwa ndani kupitia mianya ya lango, hata kifuniko kiwe kizuri vipi. Nilinunua raba ya mlango yenye tundu, mita 3 hivi, nikaibandika pande mbili za lango na chini yake. Ukichagua nene mno lango halitashika komeo, na utajikuta ukilibamiza. Matundu ya sakafu yaache wazi. Maji ya barafu ya samaki kutoka Kisumu yanahitaji pa kutokea, na yakikosa yatakaa chini ya mzigo hadi Nakuru.