Alhamisi tuliyomzika mama, na daftari lake la mchezo

Saa 10:40 alfajiri

Mama alikuwa amekata kauli tangu saa nane usiku. Mama mdogo kampakata kichwa, mimi namdondoshea maji kwa kijiko na kumsomea shahada sikioni, polepole, kama alivyomsomea yeye baba. Pumzi ikaenda, ikarudi, ikaenda. Tukasubiri irudi tena.

Mama mdogo akamfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamnyoosha mikono na miguu kabla mwili haujakaza. Kisha akanigeukia. "Lia, mwanangu, lakini usipige ukelele. Bado tuna kazi."

Saa 11:30 alfajiri

Mjomba alikuja moja kwa moja kutoka sala ya alfajiri. Swali lake la kwanza lilikuwa saa ya mazishi, maana hapa Tanga maiti wetu hawawekwi. Kaka yangu yuko Dar es Salaam na basi la kwanza linatoka saa kumi na mbili. Ni zaidi ya kilomita 300, hawezi kuwahi adhuhuri. Mjomba alitaka adhuhuri. Nilimshika miguu. "Mjomba, mwache mtoto wake wa kiume amwingize mama yake kaburini." Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi alasiri. Akichelewa alasiri, hatungoji."

Kuanzia hapo kila kitu kilihesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka alasiri. Kaburi liwe tayari saa tisa, sanda ifungwe kabla ya saa nane na nusu, josho lianze saa sita na nusu, na waliomdai mama wajulikane kabla ya hayo yote. La madeni hakuna aliyelitaja isipokuwa mjomba.

Saa 12:45 asubuhi

Kipaza sauti cha msikiti kilitangaza kifo na saa ya mazishi. Niliposikia "mama wa" likifuatwa na jina langu ndipo magoti yaliponiisha nguvu. Nilimpigia mwalimu mkuu, nilikuwa nasimamia mtihani wa darasa la saba wa majaribio siku hiyo. Akaniambia niikate simu, atapanga mwenyewe.

Saa 1:00 asubuhi

Chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu kilifika bila kuitwa. Turubai, viti vya wanaume, majamvi ya wanawake, masufuria mawili makubwa, kuni. Mama alikilipia shilingi 1,000 kila mwezi kwa miaka mingi na nakumbuka nilivyokuwa nikimwona anapoteza hela. Jikoni kwetu moto haukuwashwa. Chai na mihogo vilitoka nyumba ya pili. Mtume aliagiza watu wa Jaafar wapikiwe chakula kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha, na asubuhi ile nilielewa kwa nini, kwa kuwa nisingeweza hata kukumbuka chumvi ilikaa wapi.

Saa 1:40 asubuhi

Vijana wa kuchimba walikuwa tayari na majembe. Mjomba akaupima mwili kwa kamba, akaifunga fundo, akawapa. Zilihitajika mbao za kuzibia mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Akaniuliza kama kuna hela ndani.

Sanduku la mama lilikuwa chini ya kitanda. Juu kabisa palikuwa na bafta mpya ya sanda iliyokunjwa, karafuu maiti (kafuri) kwenye karatasi, na kichupa cha marashi. Alijinunulia mwenyewe, hakutaka kusumbua mtu. Chini yake kulikuwa na kopo la maziwa lenye mtaji wake wa vitumbua, shilingi 83,000. Na pembeni, kwenye ncha ya kanga kuukuu, fundo lenye shilingi 70,000.

Mjomba alinyoosha mkono kwenye lile fundo kwa sababu lilikuwa karibu. Nikamzuia, na sijawahi kumzuia mjomba mkono maishani mwangu. "Zile si za mama. Ni za mchezo."

Mama alikuwa kijumbe, yaani mkusanyaji wa hela za mchezo wa kupeana. Wanawake kumi na wawili, yeye akiwemo, kila mmoja shilingi 10,000 kila Ijumaa, na kila Ijumaa mmoja anabeba 120,000. Kesho yake ilikuwa wiki ya tisa na saba walikwisha kuleta. Hela ile ilikuwa amana, na amana haiwi mali ya marehemu hata kwa dakika moja. Mbao tukazilipa kwa hela ya kopo, 30,000, kwa kuwa gharama za maziko hutoka katika mali ya maiti kabla ya jambo lolote. Kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi.

Saa 3:00 asubuhi

Kibali cha mazishi. Mama alifia nyumbani, kwa hiyo binamu yangu alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha mama na karatasi zake za hospitali. Nilimwambia asirudi bila maandishi, maana cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kitaanzia hapo, na bila cheti mirathi haifunguliwi Mahakama ya Mwanzo. Wengi huacha karatasi hizi hadi arobaini ipite. Nawaomba msifanye hivyo.

Saa 4:10 asubuhi

Nilijifungia na daftari.

Mama alisoma chuo tu, cha Kurani, hakwenda shule. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi nasoma msahafu vizuri, lakini msahafu una irabu zake juu na chini ya kila herufi. Mama hakuziandika. Alikuwa anajua anachomaanisha, za nini? Nilikaa na yale majina herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi niliyefundisha kusoma miaka kumi na tisa.

Ukurasa wa mchezo ulieleweka kidogokidogo, maana niliwajua wanawake wenyewe. Kijumbe hubeba wa kwanza, na mama alibeba wiki ya kwanza. Alikwisha lipa wiki nane. Alibakisha nne, yaani 40,000, elfu kumi kwa kila mmoja wa wanne ambao zamu zao hazijafika. Hilo ni deni, hata kama yeye angeliita mchezo.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu. Nikasoma: Baba, 6,500.

Baba tulimzika mwaka 2017. Nilikaa sakafuni na lile daftari mapajani. Mama anadaiwa na baba? Deni la maiti kwa maiti linalipwaje? Nikaanza kugawanya 6,500 kwa warithi wa baba, kichwa kikiniwanga, huku nje wanawake wakisoma Yasini.

Mama mdogo aliingia kuchukua mkeka, akaniona. Alichukua daftari, akalisogeza mbali na macho yake. "Hii si baba. Ni papa. Sisi chuoni hatukuwa na herufi ya pa, tuliandika ba. Yule mama muuza papa wa Sahare, dada alikuwa anachukua kwake kwa mkopo."

Nililia pale. Sijui nililia kwa afueni au kwa sababu kwa robo saa nilikuwa na wote wawili chumbani.

Saa 5:20 asubuhi

Mtoto wa jirani akapanda bodaboda kwenda Sahare. Nilimpa maelekezo mafupi: mama anauza papa mkavu, mwambie kijumbe wa Ngamiani amefariki, aje kabla ya alasiri. Watu wawili waliniambia 6,500 si kitu, angengoja. Lakini Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache akawaambia maswahaba wamsalie wao, hadi Abu Qatada aliposema deni lile liko juu yake. Dinari chache. Sikutaka kuwa mtu wa kupima deni la mama kwa udogo wake.

Saa 6:30 mchana

Josho. Uani, nyuma ya mapazia ya kanga, kitanda cha msikiti juu ya ufuo, shimo la maji ya josho, uliochimbwa asubuhi. Mwosha ni bi mkubwa wa mtaa wetu, kaosha wanawake wengi wa Ngamiani. Mdogo wangu aliyeko Muscat alikuwa kwenye simu ya picha akiomba amwone mama. Bi mkubwa akakataa kabisa. "Alijisitiri maisha yake yote." Simu ikabaki ukumbini, mdogo wangu akasikiliza maji tu.

Kazi yangu ilikuwa kumimina. Maji ya majani ya mkunazi, kisha maji safi, na ya mwisho yenye karafuu maiti, upande wa kulia kwanza. Bi mkubwa alizungumza naye muda wote, "geuka mwanangu, nikuoshe ubavu", na mkono wake haukutoka chini ya shuka. Nilikuwa nimeogopa saa hii kuliko zote. Ndiyo saa pekee ya siku ile ambayo sikuwa na haraka. Kisha vitambaa vitano vya mwanamke: saruni, kanzu, ushungi, na shuka mbili. Bafta aliyoinunua ilitosha, ikabaki dhiraa moja.

Saa 8:15 mchana

Muuza papa alifika na harufu ya pwani kwenye kanga zake. Nikamkaribisha ndani, nikamsomea mstari, nikampa 6,500. Nilijiandaa kwa neno la "nimesamehe", na nilikuwa nimeshajipanga kumbembeleza apokee. Hakulisema. Alihesabu noti na sarafu moja moja, akafunga kwenye ncha ya kanga, akasema, "Nimepokea haki yangu yote, sina ninachomdai duniani wala akhera." Ndipo akaniinamia, akalia. Nilimpenda kwa kuhesabu kule.

Saa 9:20 alasiri

Kaka akaingia na vumbi la njia, akambusu mama kwenye paji la uso.

Saa 9:50 alasiri

Jeneza likatoka. Sisi wanawake tulisimama kizingitini. Niliyoyakosa msikitini nilihadithiwa na kaka: kabla ya takbira ya kwanza kati ya nne, mjomba alisimama akasema anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye pia, na kama kuna deni lolote lililosahaulika yeye mjomba analichukua. Kaka ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Akamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini, maana kutoka Tanga Makka iko karibu kaskazini kabisa.

Saa 2:00 usiku

Baada ya isha niliwaita wanawake wa mchezo chumbani kwa mama. Wanne waliokuwa hawajaleta walileta palepale, msibani. Mbele ya mjomba na mama mdogo nikafungua fundo, 70,000, nikaongeza 40,000 za kopo, nikamkabidhi mwanamke waliyemchagua wao. Kopo lilibaki na 6,500. Wakahesabu, wakaridhia, wakarudi kwenye majamvi.

Saa 4:30 usiku

Wanaume bado wanasoma chini ya turubai. Nimekaa kitandani kwake na kalamu yake. Kwenye mstari wenye jina lake, mbele ya zile alama nane alizoweka mwenyewe, nimeweka ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili.