Sikio na Mashariki

Mwezi Mei 2015 nilimfokea mzee wa watu kwa kosa langu mwenyewe, na hadi leo nikikumbuka uso unanipata moto.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Guangzhou. Kama wanafunzi wengi wa Kitanzania kule, asubuhi nilisoma na mchana nikafanya ukalimani: unamtembeza mfanyabiashara wa Kariakoo masokoni, unamuulizia bei, unamgombea punguzo, jioni anakutoa chochote. Mteja wangu mkubwa alikuwa shangazi yangu, ambaye hakunitoa chochote kwa sababu alikuwa shangazi. Ana duka la vyombo. Safari hiyo hakuja mwenyewe, alinitumia picha na ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya harusi: sahani na vikombe vya kauri, katoni 40, kwa yuleyule Chen wa mwaka jana, "yule mzee mpole mwenye chai chungu, mwanangu, usije ukaenda kwa mwingine."

Nikaenda kwa mwingine.

Utanielewa ukiiona simu yangu ya wakati ule. Kulikuwa na Chen Mapazia, Chen Taa, Chen Mabegi, Chen mwenye nyumba wangu, Chen aliyetufundisha hesabu, na wawili niliowaandika Chen tu kwa kuwa siku niliyowapata nilikuwa na haraka. Nikamtumia mmoja wao ujumbe: "Laoban, mzigo uleule wa shangazi, katoni 40," nikamrushia asilimia 30 ya malipo. Laoban ndiyo bosi. Masokoni kule hata muuza karanga ni laoban. Akanijibu kwa kidole gumba. Wiki moja baadaye wakala wa mizigo akanipigia, nikaenda stoo, nikapasua katoni ya kwanza. Chupa za chai. Nyekundu, zenye maua ubavuni. Nikapasua ya pili, ya tatu. Chupa za chai, katoni 40, na kontena lilikuwa linafungwa baada ya siku sita.

Nikaondoka stoo moja kwa moja hadi dukani kwa yule mzee. Sikumwamkia. Nilimwaga maneno yote niliyokuwa nimejifunza kwa mwaka mzima, na mengine ambayo darasani hayafundishwi. Yeye akaendelea kumimina chai. Alikuwa mtu wa Chaozhou, mashariki ya jimbo la Guangdong, mji wa wafinyanzi na wafanyabiashara ya kauri, na watu wa huko chai yao hunywewa kwenye vikombe vidogo kama ganda la yai, chungu inayokausha ulimi. Nilipoishiwa pumzi akanisogezea kikombe, akaomba aone simu.

"Huyu uliyemlipa si Chen," akasema. "Huyu ni Cheng."

Nikamwambia mwenyewe alijitaja Chen. Akacheka. Watu wengi wa kusini, akanieleza, wakisema Kichina cha shuleni hawatofautishi sana *n* na *ng* mwishoni mwa neno. Cheng akijitaja, mgeni atasikia Chen. Ndiyo maana Mchina hakutajii jina la ukoo akaishia hapo, lazima akwambie na herufi yake. Akachovya kidole kwenye chai, akaandika juu ya sinia la mbao: 陈. "Kushoto sikio, kulia mashariki. Sisi ni Chen wa sikio-mashariki." Pembeni yake akaandika 程. "Hawa ni nafaka, mdomo, mfalme. Ukoo mwingine kabisa."

Baadaye profesa mmoja aliniambia kwamba kile kijialama cha kushoto asili yake si sikio hata kidogo, bali mwinuko wa ardhi, kilima. Sijali. Mtaani ni sikio, na mimi ndiye niliyekuwa nahitaji moja.

Suala la Cheng liliisha kirahisi hadi nikaona aibu zaidi. Mzee alimpigia, wakacheka wote wawili, na Cheng akakiri kwamba hata yeye alishangaa, maana shangazi hakuwahi kununua kwake zaidi ya katoni tatu. Akakubali kuzichukua 30 na kurudisha pesa zake. Kumi shangazi alizibakiza. "Ramadhani hiyo inakuja," alisema, "chupa ya chai haikai dukani."

Nikarudi kwa mzee kumwomba radhi. Akasema radhi ya maneno hataki, ila Jumamosi nimsindikize mahali.

Tukapanda treni ya chini kwa chini, njia namba moja, tukashuka kituo ambacho jina lake limetokana na ukoo wake. Alikionyesha kibao cha kituo kama mtu anayeonyesha shamba la urithi, ingawa nauli alikuwa amelipa kama sisi sote. Nje tu ya kituo ndipo lilipo Jumba la Ukoo wa Chen. Kiingilio yuan 10. "Wala hawatupunguzii," akanung'unika, akatoa 20.

Nimeona misikiti mikongwe Kilwa na nimeona majumba ya Zanzibar yenye milango ya kuchonga, lakini paa lile lilinisimamisha uani mdomo wazi. Juu ya ukumbi wa katikati unapita ukingo wa kauri wenye urefu wa mita 27, na juu yake wamejaa watu: wafalme, askari, mabibi kwenye roshani, wacheza opera, kila mmoja amefinyangwa na kupakwa rangi na mafundi wa Shiwan, mji wa wafinyanzi ulio karibu na hapo. Jumba lilikamilika 1894. Akina Chen wa wilaya 72 za Guangdong walichangishana pesa, kila familia iliyochanga ikawekewa kibao cha jina la mhenga wake ukumbi wa nyuma, na vijana wao waliokuja mjini kufanya mitihani ya kifalme, au wazee waliokuja kulipa kodi au kuhudhuria kesi, wakapata pa kulala. Kwenye lango hawakuandika jumba la ukoo, waliandika chuo, maana serikali ya wakati ule haikupenda koo kubwa zikusanyike mjini. Ujanja wa kuandika kibao kingine mlangoni si wa Kariakoo peke yake. Mitihani yenyewe ilifutwa 1905. Leo jumba ni makumbusho ya sanaa za mikono.

"Na wenu waliwekewa kibao?" nikamuuliza.

"Babu wa babu yangu hakuwa na cha kuchanga. Tumeingia leo, kwa yuan 10."

Tulikaa kwenye ukingo wa jiwe uani, akanisimulia huku akitazama paa. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mfalme Wu wa Zhou alipouangusha utawala wa Shang, aliwatafuta wazao wa Shun, mfalme mwema wa hadithi za kale. Akampata mtu aitwaye Gui Man, ambaye baba yake alikuwa msimamizi wa wafinyanzi wa Zhou. Mfalme akamwoza binti yake, akampa na nchi: Chen, mahali panapoitwa sasa Huaiyang, jimbo la Henan, mbali kaskazini. Wakatawala karne kwa karne. Halafu jirani mkubwa, Chu, akaimeza nchi ile kwenye karne ya 5 K.K. Watu wakatawanyika, na wakiulizwa ninyi ni nani wakataja nchi ambayo haipo tena.

"Mfinyanzi," akarudia, akinyooshea kidole kauri za juu, halafu akajigonga kifuani, yeye muuza sahani. Sikujua kama anatania.

Kutoka pale jina liliteremka kusini kidogo kidogo, kila vita ikilisukuma. Mwaka 557 mmoja wao, Chen Baxian, akawa mfalme kwenye mji ambao leo ni Nanjing, na utawala wake ukaitwa Chen. Ukadumu hadi 589. Karne iliyofuata, jemadari Chen Yuanguang akaingia Fujian na kuanzisha mji wa Zhangzhou. Wapo wanaomfukizia ubani hekaluni mpaka leo. Ndiyo maana Chen ni jina la tano tu kwa wingi China nzima, nyuma ya Wang, Li, Zhang na Liu, lakini ukifika Guangdong, Fujian au Taiwan ni la kwanza. Na halikuishia pwani. Ndugu zake waliohamia Singapore wanaandika Tan. Wa Hong Kong ni Chan. Vietnam ni Trần, na huko nako walikaa kwenye kiti cha enzi, kuanzia 1225 hadi 1400. Herufi ni ileile moja, sikio na mashariki, ila kila bandari imeitamka kwa ulimi wake. Mwenyewe, nyumbani kwao Chaozhou, hata hatamki Chen. Wanasema kitu kinachokaribia "Tang". Nikahesabu Chen wa simu yangu, nikaona kumbe wala sikuwa na wengi.

"Nchi yenu ina watu wangapi?" akaniuliza ghafla.

Nikamwambia milioni 45, kwa sensa ya 2012.

Akawaza kidogo. "Sisi Chen wa China tunapita milioni 50." Akasema kwa upole, kama daktari anayekupa majibu.

Hapo nikamuuliza swali ambalo Mswahili yeyote angeuliza: ana watoto wangapi? Mmoja, wa kike. Aliolewa na kijana wa ukoo wa Huang. Mke wa mzee alikuwa Lin na akabaki Lin, maana China mwanamke haachi jina la baba yake akiolewa, kama kwetu pwani binti Hamisi anavyobaki binti Hamisi hata akiolewa na nani. Lakini mtoto hufuata baba, kwa hiyo mjukuu wake ni Huang. Nyumbani kwao kuna kitabu cha ukoo, vizazi vimepangwa mstari kwa mstari, na kila kizazi kina neno lake la kuunganishia majina, limechaguliwa tangu zamani kwa shairi. Mtu akitaja jina lake kamili, ndugu wanajua kama wamwite mjomba au mjukuu. Jina lake lipo. Chini ya jina lake pako wazi.

"Wakati wetu ruhusa ilikuwa mtoto mmoja," akasema. Akaondoa jani lililodondokea kiatu chake. Watalii walipita na kijana mwenye bendera. Milioni 50, na mimi sikupata neno la kumwambia.

Ni yeye aliyevunja ukimya. Katika vitabu vyake vya mauzo mimi nilikuwa Xiao Ha, Ha mdogo, kutoka Hamisi ya kwenye pasipoti. Alidhani ndilo jina la ukoo wetu. Ha, aliniambia, lipo, wanalo Wahui, Waislamu wa China. Lenu lina umri gani?

Ikabidi nieleze. Kwamba Hamisi ni babu yangu mzaa baba, mvuvi wa Pangani, aliyefariki 1987. Kwamba baba yangu kwenye kitambulisho chake hamalizii Hamisi, anamalizia jina la babu yake yeye. Kwamba mimi nikizaa, mwanangu atabeba jina la baba yake na la babu yake upande wa baba, na Hamisi atateremkia hapo hapo.

"Kwa hiyo jina la familia yenu linabadilika kila kizazi?"

"Linasogea."

Alitikisa kichwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kuna nchi ambayo mito hupanda milima. "Na lina maana gani?"

"Aliyezaliwa Alhamisi."

Nikalitafsiri: kwa Kichina Alhamisi ni *xingqi si*, siku ya nne. Mzee aliangua kicheko hadi mlinzi akageuka. Ukoo wa Siku ya Nne! Kisha akakunja uso, maana nne wao hawaipendi. Matamshi yake yamekaribiana na kifo, na kuna majengo ambayo lifti inaruka ghorofa hiyo. Nikamwambia babu aliishi karibu miaka tisini na hakuugua ila wiki moja. Akaonekana kuridhika.

Sahani na vikombe vilifika stoo siku mbili kabla ya kontena kufungwa. Nilipokwenda kuhesabu nikakuta kila katoni imepigwa kwa wino mweusi herufi moja kubwa: 四, nne. Nikampigia mzee. Akasema ametafuta alama ambayo hakuna mteja mwingine sokoni atakayekubali kuiweka kwenye mzigo wake. Safari hii haitachanganywa na ya mtu, awe Chen au Cheng.

Mwezi uliofuata shangazi akanipigia akiwa amesimama mbele ya duka, nasikia wabebaji wakipiga kelele nyuma yake.

"Mwanangu, mzigo umefika salama. Lakini hiki nini wamechora kwenye katoni? Kama kidirisha chenye miguu miwili ndani."

"Ni baba yako huyo, shangazi," nikamwambia.