Nilivyopata lethi na milingi za banda la gari bila kununua rangi

Nilipotaka lethi, mashine inayozungusha chuma ili kisu kikikereze, na milingi, ambayo kisu ndicho kinachozunguka, kuna ushauri mmoja niliusikia mpaka masikio yakachoka: "Nunua ile ya tatu kwa moja, inakereza, inafanya milingi, inatoboa, nafasi ndogo, bei poa." Walionipa ushauri huo walikuwa na nia njema, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukata chuma na mashine hiyo. Nusura nitoe hela.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kusaga na pampu za maji, hapa Kibaha. Kwa miaka mingi shafti ikilika nilikuwa naifunga kwenye gunia, napanda gari hadi Gerezani kule Dar, napanga foleni kwa mchongaji, narudi usiku au kesho yake. Huku nyuma mashine ya mteja imesimama na ndoo za mahindi zimepangwa mlangoni. Nikaamua banda la gari liwe karakana. Gari lilishauzwa. Banda lenyewe ni upana wa mita tatu, urefu mita tano na kitu, sakafu ya zege la kawaida, umeme wa fazi moja kama nyumba yoyote.

Hiyo tatu kwa moja nilienda kuiona dukani. Inang'aa kweli. Nikamwomba muuzaji ruhusa, nikabandika saa yangu ya kupimia yenye sumaku juu ya kareji, ile sehemu inayobeba kisu cha lethi, ncha ikaegemea kichwa cha milingi, kisha nikakisukuma kichwa kwa kiganja. Mshale ukasogea milimita 0.2. Kwa kiganja tu! Kisu cha milingi kikiingia kwenye chuma kinasukuma zaidi ya hapo. Halafu meza ya milingi ndiyo hiyohiyo kareji ya lethi, haipandi wala haishuki, kwa hiyo kila ukihama kazi unabomoa ulichofunga na kuanza kupima upya. Nikamshukuru muuzaji nikaondoka.

Lethi ndogo mpya za kutoka China, zile za kuzungusha kazi ya kipenyo cha hadi inchi saba, sizisemi vibaya. Zina uzito wa kilo 40 hivi, mtu na mwanawe wanaipandisha ghorofani, zinatumia umeme wa fazi moja, na anayetengeneza vitu vidogo zitamtosha kabisa. Lakini urefu wake kati ya senta mbili, zile ncha zinazoshika kazi huku na huku, ni kama milimita 300 au 350, na shafti zangu nyingi zinafika nusu mita. Hapo hakuna la kujadili. Kabla ya kuulizia bei, pima kazi yako kubwa unayoifanya kila mwezi, si ile unayoiota.

Nikaanza kuulizia mashine za zamani. Miezi minne hivi. Moja niliikuta imepakwa rangi ya kijani mbichi kabisa mpaka kwenye vibao vya namba, na nikajifunza kwamba rangi mpya juu ya lethi kuukuu ni sababu ya kupima mara mbili. Hatimaye nikaelekezwa karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Pale kwenye kona, chini ya turubai, palikuwa na Boxford, lethi ya Kiingereza iliyotengenezwa Halifax, aina ambayo shule nyingi za ufundi zilikuwa nayo. Ilikuwa imejaa grisi iliyoganda na vumbi jekundu.

"Shikamoo mzee. Hii ilikuwa inafanya kazi gani hasa?"

"Marahaba kijana wangu. Bushi na pini za korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Ikaja kazi kubwa tukanunua kubwa, hii ikapumzika."

Jibu hilo lilinipa moyo, maana bushi fupi zinakula reli, zile njia kareji inapotelezea, karibu na chaki tu, yaani taya zinazobana kazi, huko mbele reli zinabaki nzima. Sasa kazi ikawa kujua zimelika kiasi gani. Nilisogeza kareji mpaka karibu kabisa na chaki, nikakaza boliti yake ya kufungia kidogokidogo hadi nikaanza kuhisi inakwaruza mkononi. Bila kugusa boliti tena, nikazungusha gurudumu kuelekea mkiani, upande wa pili wa mashine. Reli zikiwa zimeliwa sana, kareji itagoma njiani, kwa sababu kule mbele chuma bado ni kinene. Yangu iliongeza ugumu lakini ikafika mwisho. Nikaingiza kipande cha mti wa nusu mita kwenye chaki, saa ikagusa shingo ya spindeli, mhimili unaozungusha chaki, nikanyanyua ule mti kwa nguvu. Milimita 0.02, nikaachia, mshale ukarudi palepale. Beringi nzima.

Mkono wa kusogeza kisu kwa upana ulikuwa na mchezo, yaani unazunguka bila kisu kusogea, wa karibu robo mzunguko. Rafiki niliyekwenda naye akaninong'oneza, "Kaka, hii imechoka, tuondoke." Hapana. Mchezo huo ni nati ya shaba iliyolika, nati unabadilisha au unaizoea, unaendesha kila mara kutoka upande mmoja. Reli iliyobonyea huibadilishi kwenye banda la gari. Watu wanakataa mashine kwa mchezo wa mkono halafu wanachukua yenye reli mbovu kwa sababu inapendeza machoni.

Kilichonimaliza kabisa ni droo. Mzee alivuta droo ya chini, imejaa gia zimefungwa kwenye karatasi zenye mafuta. Nikaitoa kubwa kuliko zote, nikaweka alama ya chokaa kwenye jino moja, nikahesabu. 127. Nikahesabu tena. 127. Skrubu kuu ya mashine hii, inayosogeza kareji unapokata nyuzi za skrubu, ni ya inchi, na inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na 25.4 mara tano ni 127. Gia hiyo ndiyo inayokuwezesha kukata nyuzi za milimita zilizo sahihi kwenye mashine ya inchi. Ukiikosa utatumia gia ya meno 63 na ukakaribia sana, ila hii ndiyo yenyewe. Sikubishana tena bei. Nililipa milioni mbili na ushee, na lori la machungwa lililokuwa linashuka Dar likanibebea. Tuliifunga kwa boliti juu ya mbao mbili nzito, mkia ukasogezwa mwisho, kamba zikapita chini ya kitako. Usikubali mtu afunge kamba kwenye skrubu kuu au spindeli, hata akikuapia.

Umeme ndipo wengi walinitisha. "Mota ya fazi tatu nyumbani? Utalia." Kweli mota ilikuwa ya volti 415 na nyaya tatu tu zinatoka. Nilimpelekea fundi wa kusuka mota, akaifungua, akatafuta pale nyaya tatu za ndani zinapokutana kwa mtindo wa nyota, akazitenganisha na kuzitoa nje. Zikawa nyaya sita, tukaziunga kwa pembetatu, na mota ikawa inataka volti 240 za fazi tatu. Hapo inveta ndogo ya kuingiza fazi moja na kutoa fazi tatu inatosha kabisa, na unapata kuongeza na kupunguza mwendo kwa kitufe. Swichi ya zamani isikae kati ya inveta na mota, utaiunguza inveta. Na kwa kuwa chaki ya Boxford inafungwa kwa nyuzi, niliiambia inveta isimamishe taratibu, sekunde kadhaa, maana ikifunga breki ghafla chaki inaweza kujifungua na kukurukia.

Siku ya kwanza ilikereza koni badala ya silinda. Nilikaza ufito mnene wa chuma, nikaacha pete mbili zimeachana kwa milimita 150, nikazipitisha zote kisu kilekile bila kugusa mkono. Maikromita ikasema pete ya mbali ni nene kwa milimita 0.07. Tatizo halikuwa mashine. Ni sakafu yangu, imepinda, nayo ikaipinda mashine. Nikakata kopo la soda kwa mkasi. Ukuta wa kopo una unene wa milimita 0.1 hivi, hakuna kipimo rahisi kama hicho. Nikapenyeza kipande chini ya mguu wa mbele upande wa mkiani, nikakaza boliti, nikapitisha kisu tena: 0.03. Kipande cha pili: chini ya 0.01. Nilikaa juu ya ndoo nikazitazama zile pete mbili muda mrefu.

Milingi ilinichukua mwaka mwingine, na hapo nilikosea kweli. Kwanza nilishauriwa nitumie mashine ya kutobolea. Hiyo niliikataa, kwa sababu chaki yake imeshikwa na koni tu, ukiisukuma pembeni inachomoka na kuanguka ikiwa inazunguka. Nikaona nifanye milingi kwenye lethi yenyewe: shafti ya milimita 25 ikafungwa kwenye kareji, kisu cha milingi cha milimita 8 nikakikaza kwenye chaki ya taya tatu. Mfereji wa kii, kipande cha chuma kinachozuia puli isizunguke peke yake, wa shafti hiyo unatakiwa kina cha milimita 4. Nilianza vizuri kabisa. Katikati sauti ikabadilika, nikadhani ni mafuta. Nilipopima, mwanzo ulikuwa 4 na mwisho karibu 6. Mashina ya visu hivyo ni magumu na laini, taya haziwezi kuyashika, na ule msokoto wa kisu unajivuta wenyewe kuzama ndani ya kazi. Shafti ya mteja ikaharibika, nikanunua nyingine kwa hela yangu. Kisu cha milingi kishikwe na koleti, bomba lililopasuliwa linalobana shina pande zote, yenye boliti ndefu ya kuivuta kutoka nyuma, basi.

Nikaagiza milingi ndogo kutoka China, milioni moja na nusu hivi kabla ya ushuru na usafiri. Niliikataa ile yenye nguzo inayolala kushoto na kulia, kwa kuwa nguzo hiyo imeshikwa na nati moja kubwa na inatikisika. Nikachukua yenye nguzo isiyolala. Kwenye koni ya spindeli nilichagua kipimo cha Morse namba 3, ingawa inang'ang'ania na lazima uigonge kidogo kuitoa, kwa sababu spindeli ya Boxford ni namba 3 vilevile na koleti zangu zinaingia kote kuwili. Hapo niliokoa seti nzima. Na seti ndizo zinazokula hela: vaisi, koleti, visu, maikromita, karibu bei ya lethi yenyewe. Vya kukerezea nanunua vipande vya haispidi, chuma kigumu cha visu, na kuvinoa mwenyewe, kwa mota yangu hiyo vinakata vizuri kuliko vigae vya kabaidi vinavyotaka mwendo mkubwa.

Juzi ilikuja shafti ya pampu, milimita 25, mfereji wa 8. Nilipita mara nne, milimita moja moja, mafuta yakitiririka. Kina 4.0 mwanzo, 4.0 mwisho. Kii iliingia kwa kugongwa na mpini wa bisibisi, na mteja aliondoka nayo kabla chai haijapoa.