Siku yangu moja ofisi ya mizigo, stendi ya Mbezi (na ndoo ya senene iliyonimaliza)

Watu wakisikia nafanya kazi stendi wanajua moja kati ya mawili, napiga debe au nalangua tiketi. Jamani sipigi debe. Mimi ni yule dada wa kachumba ka nyuma kenye mizani, daftari na maboksi hadi darini. Ukitumiwa mzigo kwa basi, ni kwangu unakuja na kitambulisho chako. Mabasi yetu ni ya Bukoba na mimi mwenyewe ni wa Kamachumu, kwa hiyo kila siku ya Mungu napokea vitu vya kwetu ambavyo sio vyangu. Ngoja niwapitishe Jumanne yangu ya wiki iliyopita.

Saa kumi alfajiri. Naamka, naoga maji ya ndoo, naweka chapati mbili za jana kwenye mfuko. Nakaa Msakuzi, boda hadi stendi ya Magufuli (ndo hiyo hiyo ya Mbezi) 1,500, usiku ule huwezi kubishana bei na mtu aliyevaa koti la mvua.

Saa kumi na moja. Hapa ndo kazi yenyewe. Gari linatoka saa kumi na mbili na kila mtu kakumbuka mzigo wake saa kumi na moja na nusu. Spea za pikipiki toka Kariakoo, maboksi ya madaftari, gauni la send-off ambalo mwenyewe anataka lisikunjwe, bahasha ya vyeti, friji iliyovalishwa godoro. Kila mzigo napima, naandika jina la mpokeaji na namba yake kwa maka peni pande mbili, na ile namba naihesabu kwa kidole mpaka zifike tarakimu kumi, maana ikikosekana moja tu mzigo unakuwa yatima. Nauliza ndani kuna nini. Watu wanadanganya sana, kuna mmoja alituma simu ndani ya mkate, nisingeuliza mkate ule ungekaliwa na gunia la sukari. Tangu tuko Ubungo, kabla hatujahamia huku 2021, mpaka leo umepotea mzigo mmoja tu mikononi mwangu, na niliulipa kwenye mshahara wangu. Mmoja. Hilo nalisema kwa sauti.

Saa kumi na mbili gari limetoka. Nafagia.

Saa moja hadi saa mbili chai, chapati, salamu na majirani. Jirani yangu wa basi za Dodoma analalamika mpaka unamhurumia, tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma 2024 anasema abiria wake wa suti wote wamehamia kule.

Sasa shida ya siku hiyo. Gari la kutoka Bukoba linaondoka kule saa kumi na mbili asubuhi, ni kilomita kama 1,400, likienda vizuri tisa ya usiku liko hapa, maana tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku halilali tena njiani. Mimi nikifika huwa nakuta mzigo umeshashushwa. Jumanne sikukuta kitu. Nampigia konda, hapatikani. Nampigia tena, saa moja na nusu ananipokea na upepo mwingi, "Dada tumeharibikia Gairo, fundi anakuja toka Dodoma." Hapo nikajua leo nitatukanwa.

Maana mteja hamjui konda wala haijui Gairo, anayemjua ni mimi. Saa mbili wakaanza. Mzigo wangu uko wapi? Uko Gairo baba. Gairo unafanya nini? Haufanyi kitu baba, umekaa. Kuna mama alikuwa na sato wa barafu kwenye lile gari, boksi zima, kila nusu saa anakuja kuniuliza kama barafu bado ipo, kana kwamba naiona. Kuna kijana anasubiri ndizi za kupika kwa ajili ya msiba. Na kuna huyu kaka sasa.

Huyu kaka alikuja saa mbili na dakika chache, shati jeupe, funguo za gari mkononi anazizungusha. Ana ndoo ya senene. Kwa msiokuwa wa kwetu, senene ni panzi wa kuliwa na Novemba ndo msimu, usiku unakuta mji wa Bukoba una mataa makali yamewashwa na mabati yamesimamishwa, senene wanafuata mwanga wanajigonga wanateleza hadi kwenye mapipa. Wakikaangwa kwa chumvi tu wanatoa mafuta yao wenyewe. Dar hapa kikopo kidogo kinauzwa bei ya kuku, kwa hiyo mtu akisubiri ndoo nzima anasubiri mali, namuelewa. Nikamwambia kaka, gari halijafika, acha namba nikupigie. Akasema hapana, anajua sisi, akiondoka tutazipunguza. Akavuta kiti cha abiria, akakaa mlangoni kwangu. Yaani mlangoni kabisa, kila anayeleta mzigo inabidi aruke miguu yake.

Alikaa saa ngapi? Nahesabu, tatu, nne, tano, sita, saba. Alienda mara moja kula na akarudi na soda yake, akaongea na simu kuhusu kiwanja, akanieleza vile ofisi za mizigo zinavyotakiwa kuendeshwa, na eti kule China mzigo unafuatiliwa kwenye simu toka dakika unapofungwa. Nikasema sawa kaka. Nilikuwa na mzigo wa gari la jioni wa kuandika na yeye anaongea, nikaandika namba ya mtu mara mbili nikafuta, kitu ambacho mimi sifanyi.

Gari likaingia saa nane mchana, lina vumbi hadi kwenye vioo. Ile buti ilipofunguliwa nilisahau hasira kidogo. Sijui niwaelezeje ile harufu, majani ya migomba yaliyoanza kunyauka, kahawa ya kutafuna, samaki wa moshi, udongo mwekundu uliogandia kwenye viazi. Kila nikiivuta naona uwanja wa nyumbani umefagiliwa asubuhi na ukungu haujaondoka. Vijana wa toroli wananijua, wananicheka, "Nshomile karudi kwao dakika mbili," ndo jina la utani la sisi Wahaya. Halafu mama wa sato akapiga kelele na dakika mbili zikaisha. (Barafu ilikuwa imebaki. Namshukuru Mungu.)

Kaka akapewa ndoo yake, ya lita kumi, imezungushiwa selotepu mpaka imekuwa kama jeraha. Akaikata pale pale na funguo. Akafunua. Senene wako juu kidogo ya nusu.

Akaniangalia. Akaangalia ndoo. Akaniangalia tena.

"Dada, hii ndoo ilikuwa imejaa."

Nikamwonesha, selotepu ulikuwa mzima mpaka ulivyoukata wewe. Risiti ya Bukoba inasema kilo tatu na nusu, nikaipandisha kwenye mizani mbele yake, tatu na nusu. Akasema mizani ni ya kwenu. Nikamwambia basi tukapime kwa jirani wa Dodoma. Akasema nyie wa stendi wote baba mmoja mama mmoja. Watu wameshaanza kujaa, unajua stendi watu hawana haraka kukiwa na ugomvi. Ndipo akasema lile neno, akauliza nyumbani wapi, nikamwambia Bukoba, akageukia umati na kucheka, "Si ndo hapo! Mhaya umpe ndoo ya senene ailinde! Fisi na bucha!" Watu wakaangua kicheko. Hata vijana wangu wa toroli walicheka, najua ni utani na mimi nawatania kila siku, ila siku hiyo tangu asubuhi nina chapati mbili tu tumboni na senene mara ya mwisho nimekula mwaka juzi, kwenye harusi ya mtu, wanne, niliwahesabu.

Sikulia. Nilichukua risiti, nikapiga namba ya mtumaji, nikaweka spika.

Akapokea mama mtu mzima. Nikamsalimia, "Shikamoo mama, napiga toka ofisi ya mizigo Dar, mpokeaji wako anasema senene wamepungua." Kimya kidogo. Halafu, "Wamepungua wamekwenda wapi? Alinitumia hela ya ndoo, nikanunua ndoo, wazima wanaruka. Tumenyonyoa mabawa na miguu na wajukuu mpaka usiku wa manane, nikakaanga, wakanywea. Alitaka nimtumie na mabawa? Mwambie aje kwenye simu huyo mkwe wangu."

Mkwe! Jamani mngeona yule mtu. Zile funguo zikaingia mfukoni zenyewe. "Shikamoo mama... hapana mama... mtandao ulikuwa mbaya mama, sikuelewa... wanatosha sana mama." Shati jeupe limelowa mgongo. Umati ukacheka upya, safari hii kicheko kilikuwa changu. Akasaini daftari, akabeba ndoo, akaondoka. Samahani hakusema. Hata senene mmoja wa kuonja hakutoa, na kijana mmoja wa toroli alimkimbilia hadi getini kumkumbusha.

Ila simu ilikuwa bado hewani. Yule mama akasema, "Wewe binti unaongea kama mtu wa Kamachumu." Nikacheka, "Wasibota waitu," nikamjibu Kihaya, tukaenda, baba yako nani, ukoo gani, kumbe kanisani kwao namjua mpaka mpiga kinanda. Akauliza, "Huko unafanya nini?" Nikasema natoa mizigo mama, watu wanatumiwa, mimi natoa. Akanyamaza, kisha akasema bila ubaya wowote, kama anavyosema mtu anayefikiria, "Mbwenu (yaani sasa) hiyo mizigo yenyewe si yote inatoka huku?"

Nikamwambia mama kuna mteja, nikakata. Hakukuwa na mteja.

Baada ya hapo saa sizijui vizuri. Nilitoa mizigo, naona sahihi kwenye daftari. Mvua ilinyesha, bati letu linavuja pale juu ya mizani nikahamisha mizani. Kichwani nilikuwa nahesabu mambo mengine.

Nilikuwa na fremu Bukoba mjini, cherehani mbili, nashona sare za shule. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, tetemeko likapita, fremu ikapasuka toka juu hadi chini, mwenye fremu hakuwa na hela ya kujenga na mimi sikuwa na hela ya kusubiri. Nikahangaika mwaka na nusu kwenye baraza la mtu, halafu 2018 nikauza cherehani zote nikaja Dar kwa shangazi, miezi mitatu tu, nitafute mtaji nirudi. Mshahara sasa hivi ni laki tatu. Chumba sabini elfu, na mwenye nyumba kodi anataka miezi sita kwa mkupuo, 420,000, inaisha Desemba. Hiyo hela ndo nimeiweka, na hiyo hela ni cherehani ya mtumba na nauli na chenji inabaki. Kila usiku naipeleka upande huu, naipeleka upande ule.

Na kurudi kwenyewe msidhani ni kupanda gari tu. Kibanja cha baba, shamba la nyumbani, kakabidhiwa kaka, mke wake ndo anakilima, mimi nikirudi nalala chumba cha mama na mashina mawili ya migomba watanionesha kama wananipa zawadi. Kuna binti anasoma sheria huwa anapokea mizigo kwangu, aliniambia toka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza ilishamwamua mama wa Kihaya kwamba ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kama mwanaume tu. Nikamwambia mahakama iko Mwanza, wifi yuko jikoni. Tena kuna lile la watu kusema kashindwa mjini. Nimekaa miaka yote hii nikirudi likizo na nywele nzuri na sukari kilo tano, wananiita wa Dar, nitarudi na kiroba wataniitaje.

Kiroba ninacho. Kipo kona ya ofisi chini ya kalenda, nimekiandika mwenyewe kwa maka peni, jina la mama, namba ya mama, kinashuka Muleba. Ndani kuna sufuria kubwa, mapazia na blenda. Kina wiki tatu. Kila gari la jioni likipakia konda ananiuliza na huu, namwambia bado.

Saa tatu usiku tunapakia gari la pili, miguu imevimba hadi ndala zinabana. Konda akanyoosha mkono kwenye kiroba kama kawaida, "Na huu dada?" Nikakifungua. Nikatoa mapazia, chumba bado kina dirisha. Nikatoa blenda, bado nakunywa juisi. Sufuria nikaliacha, nikafunga upya, nikalipima, kilo nne, nikalikatia risiti na kulipa kama mteja yeyote, nikahesabu namba ya mama kwa kidole mpaka tarakimu kumi.

Sufuria limeondoka saa tatu na nusu. Mimi saa nne kasoro, boda siku hiyo alitaka elfu mbili kwa sababu ya mvua, na nikampa.