Kutoka Nangwanda Sijaona hadi Mikindani, Nyuma ya Magurudumu Matatu

Niliingia Mtwara jioni ya Ijumaa, mwezi Oktoba, kwa basi lililotoka Masasi, baiskeli yangu ikiwa imelazwa kwenye buti la chini kati ya magunia na ndoo. Njia hiyo ya kilomita zipatazo 200 hupita Ndanda, Mtama na Mnazi Mmoja, na kabla ya kufika mjini huteremka Mikindani, mahali ambapo bahari humtokea msafiri ghafla, ikiwa imezungukwa na minazi, mikoko na mibuyu. Niliitazama ghuba ile dirishani nikijua kwamba kesho yake ningeirudia kwa pedeli.

Matembezi yenyewe yalikuwa ya hisani. Kila mshiriki alilipa shilingi 20,000 na kuchangisha kwa ndugu na majirani, ili zinunuliwe baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu wa miguu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Binti mmoja darasani kwangu alibebwa mgongoni na mama yake kwa miaka miwili, asubuhi na mchana, mpaka uzito wake ukawashinda wote wawili, na tangu Januari hakuonekana tena shuleni. Nililipa ada ya ushiriki kwa ajili yake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumekusanyika nje ya Uwanja wa Nangwanda Sijaona, waendeshaji 60 hivi, wengine na baiskeli za gia, wengi na zile nzito za keria ambazo mikoa ya kusini huzitegemea kubebea maji, kuni na korosho. Mratibu alitangaza sharti moja tu: mbele atatangulia fundi viatu wa sokoni, aliyekaa juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, na hakuna atakayempita. Vijana kadhaa walinung'unika, kwa kuwa walikuwa wamejiandaa kwa mwendo wa kasi. Mimi nililiona kuwa ni sharti la haki, nikajipanga karibu naye, nikamwamkia.

Kwa kukaa nyuma yake nilijifunza jinsi chombo kile kinavyofanya kazi, jambo ambalo sikuwahi kulitazama kwa makini ingawa nilikuwa nikiomba watu fedha za kukinunua. Pedeli ziko mbele ya kifua, nazo huzungusha mnyororo unaoshuka hadi gurudumu la mbele. Mikono hiyohiyo inayosukuma ndiyo inayogeuza usukani na kushika breki, kwa hiyo mwendeshaji hapati mahali pa kuipumzisha, hata kwenye mteremko. Tena, kwa kuwa uzito wa mwili hukaa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na likikutana na mchanga au mlima huzunguka bure bila kusogea.

Ndani ya mji tulikwenda vizuri. Barabara za Mtwara ni pana na zimenyooka, kwani mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Waingereza walipojenga bandari ya kusafirishia karanga za mradi wao mkubwa wa Nachingwea. Karanga zilishindikana, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini upana wa barabara ukabaki, nasi tuliufaidi hadi Shangani, ambako upepo wa bahari ulitupoza kabla ya kugeuka. Pale sokoni kina mama wauza ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, walikuwa wameacha meza zao na kutumbukiza sarafu katika kopo lililofungwa kwenye keria yangu.

Tabu ilianza tulipoishika barabara ya Mikindani. Lami imeinuka kuliko bega la barabara, na chini yake ni mchanga mtupu. Kila lori lilipopiga honi, sisi wa magurudumu mawili tulishuka pembeni na kupanda tena, ilhali fundi hakuweza kufanya hivyo, kwa sababu akishuka hapandi tena bila kusukumwa. Nilimuuliza hufanyaje siku za kawaida.

"Ninabaki juu ya lami, mwalimu," alisema bila kugeuka. "Wao ndio watakaoamua."

Tangu hapo hakuna kijana aliyenung'unika. Wawili kati yao walijipanga upande wake wa kulia, baina yake na magari, wakaendesha hivyo hadi tulipoiona ghuba.

Mwisho wa safari ulikuwa Boma ya Mikindani, jengo la Wajerumani la mwaka 1895, lililo juu ya mwinuko unaotazama maji. Meza, maji ya kunywa na daftari la michango vilikuwa vimeandaliwa huko juu. Fundi alijaribu kupanda, gurudumu likateleza mara tatu. Tulijitolea kumsukuma. Alikataa kwa upole, akasema kwamba watoto watakaopewa baiskeli hizi hawatakuwa na watu 60 nyuma yao kila asubuhi. Basi meza zikateremshwa, na fedha zikahesabiwa chini, kivulini, yeye akiwa mmoja wa wahesabuji.

Zilitosha baiskeli saba. Kabla ya kuridhia, fundi alidai mambo mawili yaandikwe: tairi la mbele liwe pana kwa ajili ya mchanga, na umbali wa pedeli upimwe kwa mkono wa kila mtoto. Akaniuliza urefu wa mkono wa mwanafunzi wangu. Sikuujua. Nilimpigia simu mama yake palepale, naye akampima binti kwa shubiri, kuanzia begani hadi ncha za vidole: shubiri mbili na nusu. Fundi akainakili hesabu hiyo, kisha akaomba simu ili amwulize mama mwenyewe kama mkono wake ni mkubwa au mdogo.