"Ssebo, tuweke ya Boxer"

Mnaorudi nyumbani Uganda mkakuta ile Honda ndogo, pikipiki ya Z50 ya magurudumu ya inchi 8, bado imeegemea ukuta wa stoo chini ya magunia, kutu isiwatishe. Panya na viota vya nyigu pia si kitu. Kitakachowashtua ni siku mtakapofungua kifuniko cha kushoto mbele ya fundi kijana, hodari kabisa, naye achungulie kwenye dirisha la flaiwili, lile gurudumu zito la sumaku, aulize: "Ssebo (bwana), hiki ni nini?" Anaonyesha platini, vile vidole viwili vya chuma vinavyofunga na kuachana ili plagi itoe moto.

Enzi za Cub na Vespa, fundi wa chini ya mwembe alirekebisha platini huku anapiga soga na mteja. Leo mji mzima unatembea juu ya Boxer na TVS, na moto wa hizo unatoka kwenye CDI, kidude kilichofungwa ambacho kikifa kinatupwa. Kijana wa miaka 25 hana alikoionea platini. Simlaumu, lakini inauma, maana dawa yake ya haraka ni kung'oa injini nzima na kupachika ya Kichina ya cc 110. Inaingia kweli, mashimo ya boliti yanalingana. Ila fremu ile na vibreki vile vya ngoma vilitengenezwa kwa cc 49. Ukikubali, umebaki na tanki na usukani tu, Honda yenyewe haipo tena.

Kwa hiyo jifunzeni kupima wenyewe. Vinavyotakiwa ni fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), bisibisi bapa nyembamba na karatasi ya sigara.

Toa plagi kwanza ili injini izunguke kirahisi. Ikiwa imekwama, mimina vijiko viwili vya dizeli kwenye tundu la plagi, ilale usiku mzima, na usiilazimishe kwa kiki. Flaiwili huzungushwa kinyume cha saa. Ukingoni ina alama mbili: T ni pistoni ikiwa juu kabisa, F ni pale moto unapotakiwa kuruka. Zungusha mpaka platini ziachane upana wake wote, kisha ingiza fila ya mm 0.35. Kipimo kinachoruhusiwa ni 0.3 hadi 0.4. Fila iingie ikisugua kidogo tu.

Sasa irudishe flaiwili nyuma hadi platini zifunge, zikibana kipande cha karatasi ya sigara. Kivute taratibu kwa vidole viwili huku mkono wa pili ukiisogeza flaiwili kuelekea F. Karatasi inashikwa, inashikwa, halafu ghafla inateleza. Hapo ndipo platini zinapoachana, na hapo hapo F iwe inatazamana na alama ya kwenye bloku. Ikiteleza kabla ya F, moto unawahi, punguza nafasi ya platini. Ikichelewa, ongeza. Ukiona ili upate F lazima utoke nje ya 0.3 na 0.4, platini zimekwisha, nunua nyingine.

Hata zikionekana safi, platini zilizolala stooni hujifunika utando mwembamba usiopitisha umeme. Zipitishie msasa laini wa 600, kisha karatasi safi yenye petroli, kisha karatasi kavu. Na msisahau kile kipande cha feliti kinachogusa kemu, ile inayozisukuma platini ziachane. Kikikauka, kisigino cha platini (sehemu inayosuguana na kemu) kinalika, nafasi inapungua siku hadi siku, moto unachelewa, injini inachemka na kukosa nguvu, na mtu anaambiwa pistoni imekufa. Tone moja la grisi kwenye feliti linatosha. Likizidi hurukia platini, nawe umerudi ulikoanzia.

Platini zikitoa cheche kubwa za buluu na kuota vishimo haraka, ni kondensa, kile kidude cha kupunguza cheche kwenye platini. Ya asili ni taabu kuipata, lakini kondensa ya gari la zamani lenye platini, ya mikrofaradi kati ya 0.2 na 0.3, inafanya kazi ileile. Ifunge nje, waya wake kwenye waya wa platini, mwili wake kwenye chuma cha fremu.

Kubadilisha platini au koili lazima flaiwili itoke, na hapa ndipo ninapowasihi: nyundo isiguse kitu. Ukigonga, ncha ya krenki inapinda na sumaku zinaweza kupasuka. Peleka injini Katwe, Kampala, fundi wa mashine ya kukereza apime uzi akuchongee pula ya kuvutia flaiwili. Vilevile skrubu za vifuniko. Vichwa vyake ni vya msalaba wa Kijapani, si ule wa bisibisi za kawaida za dukani, ndiyo maana vinalika upesi, na vikilika kijana anachukua tindo. Tafuteni bisibisi yenye alama ya JIS, yaani kiwango cha Kijapani, ya kugongwa ikiwezekana, na mafuta ya kupenya yakae saa kadhaa kabla ya kufungua.

Mengine yote yanawezekana hapa hapa.

Tanki: lijaze siki mpaka shingoni siku moja au mbili, na mnyororo mfupi ndani wa kukung'utia kutu. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha juani, kisha zungushia oili kidogo. Asidi ya betri mtakayoshauriwa hutoboa kwenye mishono. Kabureta: jeti za ndani, zinazopitisha petroli, zina matundu madogo mno, na petroli ya zamani hugeuka ulimbo humo. Zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma hupanua tundu.

Mnyororo ni wa saizi 420. Mtaambiwa wa Boxer, 428, ni sawa kwa sababu hatua zote mbili (umbali wa pini hadi pini) ni mm 12.7. Si sawa: 428 ni mpana zaidi na rola zake ni nene zaidi, hukaa ukicheza na kula meno ya spoketi.

Tairi ni 3.50-8, saizi inayopatikana pia kwenye toroli za ujenzi. Ya toroli haikuundwa kukimbia, iacheni. Vespa za zamani zilivaa 3.50-8 za kweli. Ya tuktuk, 4.00-8, huingia kwenye rimu, lakini pimeni nafasi ya madigadi na mnyororo kwanza. Rimu ni nusu mbili zilizofungwa kwa nati. Toeni upepo wote kabla ya kulegeza hata nati moja, la sivyo nusu ya rimu inaweza kumrukia mtu usoni.

Oili ni lita 0.8 kwa injini iliyofunguliwa, na lazima iandikwe JASO MA, maana klachi inaogelea humo humo. Oili ya gari yenye vilainishi vya ziada huifanya iteleze. Nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi kabisa, mm 0.05 zote mbili. Nafasi ya plagi, mm 0.6 hadi 0.7. Taa za modeli za zamani ni volti 6, na balbu ya nyuma ikiungua ibadilishwe kabla ya kuwasha tena, kwa sababu umeme wake wote utakwenda kwenye balbu ya mbele na kuiunguza nayo.

Ikishawaka, iendesheni kama saa mbili, kisha iacheni ipoe. Kisigino kipya cha platini hukaa sawa kwenye kemu kipindi hicho, na ile 0.35 itakuwa imepungua. Fungueni tena kifuniko cha kushoto, pimeni, na huyo kijana awe amechuchumaa kando, fila iwe mkononi mwake.